Kwa nini Uingereza haina gazeti la kila siku la soka?

Msomaji wetu wa Tanga ameuliza hivi: "Italia wana Gazzetta dello Sport, Hispania wana Marca, Ufaransa wana L'Équipe, hata sisi tuna Mwanaspoti. Mbona Uingereza, mpira ulikozaliwa, hawana gazeti la michezo la kila siku? Na kwa nini kila tetesi ya usajili inayosomwa redioni kwetu huanza na 'kwa mujibu wa The Sun' au Daily Mirror, ambayo naambiwa ni magazeti ya udaku? Tuyaamini au tusiyaamini?"

Ndugu yangu, hayo ni maswali mawili yenye mzizi mmoja, kwa hiyo nitayajibu kwa pamoja. Ila kwanza niweke sawa jambo moja. Uingereza wanalo gazeti la michezo la kila siku, linaitwa Racing Post, na ni gazeti la farasi. Ukilifungua utakutana na kurasa kwa kurasa za majina ya farasi, wapanda farasi, wakufunzi, uzito anaobeba kila farasi, hali ya ardhi ya kiwanja, na viwango vya malipo vya makampuni ya kubeti. Mpira wa miguu umo pia, lakini umo kwa ajili ya watu wa mikeka. Hili halikutokea kwa bahati. Magazeti ya michezo ya Uingereza yalizaliwa na kamari, yakalelewa na kamari, na lililobaki hai linaishi kwa kamari. Mpira wenyewe ulichukuliwa na magazeti mengine, haya tunayoyaita magazeti pendwa, na tangu wauchukue hawajaurudisha.

Turudi nyuma miaka mia mbili. Wakati huo serikali ya Uingereza ilikuwa inayabana magazeti kwa kodi. Kuanzia 1815 kila nakala ilitozwa kodi ya stempu ya peni 4, na juu yake kulikuwa na kodi ya matangazo na kodi ya karatasi. Shabaha ilikuwa wazi: gazeti liwe ghali, mtu wa chini asilisome, asije akapata mawazo ya kuipinga serikali. Katika mazingira hayo likaanzishwa Bell's Life in London mwaka 1822, gazeti la Jumapili lililojaa ngumi, mbio za farasi, uwindaji na kriketi. Kibarua wa kawaida asingeweza kulinunua peke yake, kwa hiyo lilisomwa baa, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza.

Ngumi za enzi hizo zilikuwa za mikono mitupu na zilikuwa kinyume cha sheria. Polisi walikuwa wakilifukuza pambano kutoka wilaya moja hadi nyingine. Bell's Life ndilo lililotoa taarifa za mapambano kwa maneno ya mafumbo, likashika fedha za dau la pande mbili ili asiwepo wa kumtapeli mwenzake, na mara nyingine likatoa hata mwamuzi. Pambano kubwa kuliko yote ya karne ile, la Mwingereza Tom Sayers na Mmarekani John C. Heenan, lilipigwa Farnborough tarehe 17 Aprili 1860. Mwamuzi wake alikuwa Frank Dowling, mhariri wa Bell's Life. Walipigana raundi 42, zaidi ya saa mbili, mpaka watu wakavamia ulingo na polisi wakaingia, likaishia sare. Fikiria nafasi ya mhariri huyo: amelitangaza pambano, amelichezesha, kisha anakwenda ofisini kuliripoti. Mwandishi wa michezo wa Uingereza tangu mwanzo hakuwa mtu wa kutazama kwa mbali. Alikuwa ndani ya mchezo na ndani ya fedha zake, na kwa maoni yangu tabia hiyo haijaisha mpaka leo.

Kodi zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine: ya matangazo 1853, ya stempu 1855, ya karatasi 1861. Sasa gazeti likaweza kuuzwa peni moja. Mwaka 1859 wajanja fulani wakatoa gazeti la michezo la peni moja na kulipa jina Penny Bell's Life. Wenye Bell's Life wakaenda mahakamani, jina likabadilishwa kuwa The Sporting Life. Mwigaji akaja kummeza mwenyewe, maana mwaka 1886 Bell's Life lilikufa na kuingizwa ndani ya Sporting Life. Hapo katikati, mwaka 1865, lilikuwa limezaliwa jingine, The Sportsman.

Kilichoyanenepesha magazeti haya ni mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni telegrafu, iliyofanya matokeo ya mbio yafike London au Manchester ndani ya dakika chache. La pili ni sheria ya 1853 iliyofunga nyumba za kubeti. Tajiri aliendelea kubeti kwa mkopo na kwa barua, lakini mfanyakazi mwenye shilingi yake mkononi alisukumwa mitaani, akawa anampa mtu wa kamari vichochoroni huku akiangalia kama askari anakuja. Mtu huyo hakuwa kiwanjani. Angejuaje farasi gani wanakimbia, na alipwe kwa kiwango gani akishinda? Alinunua Sporting Life. Kiwango cha mwisho kabla mbio hazijaanza kilichapishwa humo, na watu wa kamari nchi nzima walilipa kwa kufuata hicho. Kosa moja la uchapaji lingeweza kuzua ugomvi miji kumi. Ndiyo maana magazeti hayo, pamoja na uchafu wote wa kamari uliokuwa unayazunguka, yalikuwa makini mno katika tarakimu. Uvumi wangeweza kuusamehe, lakini si kiwango kilichokosewa.

Na mpira? Mpira ulipita katika ofisi hizo hizo. Sheria za kwanza za chama cha soka cha Uingereza, FA, zilichapishwa na Bell's Life Desemba 1863. Tarehe 20 Julai 1871, ndani ya ofisi ya gazeti la The Sportsman jijini London, katibu wa FA Charles Alcock, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi wa michezo, alipendekeza lianzishwe shindano la kombe litakalozikutanisha klabu zote za chama. Hilo ndilo Kombe la FA. Kombe kongwe kuliko yote ya mpira lilizaliwa ofisini kwa gazeti. Hata majivu wanayogombea Uingereza na Australia katika kriketi, The Ashes, chanzo chake ni tangazo la msiba la kejeli lililochapishwa na The Sporting Times, gazeti la karatasi za waridi, mwaka 1882 baada ya Uingereza kufungwa nyumbani.

Kutoka hapo kitovu kikahamia kaskazini, na hii ndiyo sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote. Manchester alikuwepo mpangaji wa herufi katika gazeti la Manchester Guardian aliyeitwa Edward Hulton. Alianza na karatasi ya ubashiri wa farasi, ikakua ikawa Sporting Chronicle, 1871. Miaka minne baadaye akaanzisha Athletic News, na gazeti hilo likaja kuwa msahafu wa mpira wa Uingereza. Lilitoka Jumatatu, likiwa na ripoti za mechi zote kubwa za Jumamosi. Football League ilipoanzishwa 1888, na hiyo nayo ilianzishwa Manchester, Athletic News ndilo lililokuwa karibu nayo kupita kiasi: J. J. Bentley, mhariri wa Athletic News, baadaye akawa pia rais wa ligi. Ungedhani basi kwamba hapa ndipo gazeti la kila siku la soka lingezaliwa. Mitambo ilikuwepo, waandishi walikuwepo, na viwanja vilikuwa vinajaa. Halikuzaliwa, kwa sababu njaa ya mpira ilishashibishwa na watu wengine wawili, mmoja wa jioni na mmoja wa asubuhi.

Wa jioni kwanza. Viwanda vya nguo vya Uingereza vilikuwa vimeanza kufunga Jumamosi mchana tangu sheria ya 1850, na ndiyo maana mechi zikawa Jumamosi saa tisa alasiri. Karibu kila mji mkubwa ulikuwa na gazeti lake la jioni, na magazeti hayo yakaanza kutoa toleo maalumu la mpira Jumamosi usiku. Ili mtu alitambue kwa mbali, lilichapishwa kwenye karatasi ya rangi. Birmingham walikuwa na Sports Argus la waridi, tangu 1897. Sheffield walikuwa na la kijani, watu wakaliita Green 'Un, tangu 1907. Miji mingine ilichagua bluu au manjano iliyofifia.

Hebu tazama lilivyotengenezwa. Mwandishi anakaa jukwaani na simu, au ana kijana wa kukimbia na karatasi mpaka penye simu. Kabla ya simu kuenea, magazeti kadhaa yalitumia njiwa. Mpira ukianza tu, naye anaanza kuamuru maneno: nani amepiga kona, nani ameumia, nani amekosa. Upande wa pili wa simu yuko mtu anayeandika kila neno. Kipande kinapelekwa kwa mhariri, kinakatwa, kinapelekwa kwa mpangaji wa herufi za risasi. Ripoti ya kipindi cha kwanza inakuwa imeshafungwa ndani ya fremu ya chuma wakati wachezaji wako mapumzikoni. Ndiyo maana ukisoma matoleo ya zamani utaona ripoti ndefu na tamu ya dakika ishirini za mwanzo, kisha mambo yanazidi kuwa mafupi, na bao la ushindi la dakika ya 88 limepewa mstari mmoja. Pembeni ya ukurasa iliachwa nafasi tupu, ambako matokeo ya mwisho yaligongwa kwa kifaa kidogo kilichofungwa kwenye mtambo, bila kuupanga upya ukurasa mzima. Kipyenga cha mwisho kililia kama saa kumi na dakika arobaini, na kabla ya saa moja kupita watu walishapanga mstari nje ya duka. Mtu aliyetoka uwanjani aliweza kuisoma mechi aliyotoka kuitazama kabla hajafika kwake, pamoja na matokeo ya nchi nzima na msimamo wa ligi.

Gazeti gani la kitaifa lingeshindana na hilo? Magazeti haya ya rangi yalidumu karibu karne nzima. Kilichoyaua ni televisheni, simu za mkononi, na ratiba ya Premier League iliyotawanya mechi Jumapili, Jumatatu na Jumamosi jioni, kwa sababu toleo la Jumamosi usiku lilitegemea kila mtu acheze saa tisa. Sports Argus lilifungwa 2006 na Green 'Un likafuata 2013.

Sasa wa asubuhi. Tarehe 4 Mei 1896 Alfred Harmsworth alitoa Daily Mail kwa nusu peni, na siku hiyo ziliuzwa nakala 397,215. Lilikuwa gazeti la habari fupi, hadithi, mambo ya wanawake, na michezo. Tangu 1900 lilichapwa Manchester pia, kwa hiyo shabiki wa Blackburn au wa Newcastle alipata asubuhi gazeti la kitaifa lenye habari ya timu yake. Harmsworth huyo huyo mwaka 1903 akaanzisha Daily Mirror likiwa gazeti la wanawake, lenye mhariri mwanamke, Mary Howarth. Likaanguka hadi takribani nakala 25,000. Mwanzoni mwa 1904 akaligeuza kuwa gazeti la picha, la kurasa ndogo za kushikika, na mauzo yakapanda. Umbo hilo dogo ndilo lililokuja kuwa alama ya magazeti pendwa ya Uingereza yote.

Angalia tarehe: Gazzetta dello Sport la Milan lilitoka Aprili 1896, mwezi mmoja kabla ya Daily Mail. Nchi mbili zilifungua njia mbili katika majira yale yale. Magazeti ya habari ya Italia yalikuwa ya mikoa na ya wasomi, hakuna lililokuwa likiuza mamilioni, kwa hiyo mtu wa mbio za baiskeli na baadaye wa mpira hakuwa na pa kwenda ila gazeti lake maalumu. Tena magazeti hayo ya Ulaya yalilazimika kutengeneza mashindano ili yapate cha kuandika: L'Auto la Paris lilianzisha Tour de France 1903, na Gazzetta likaanzisha Giro d'Italia 1909. Uingereza ligi ilikuwepo, kombe lilikuwepo, farasi walikuwepo, na magazeti ya kitaifa ya bei chee yalikuwa tayari yamempa mfanyakazi habari, udaku, katuni, ubashiri wa farasi na mpira katika karatasi moja. Anunue la pili la nini? Athletic News lenyewe likamezwa na Sporting Chronicle mwaka 1931.

Mauzo ya baadaye yanaonyesha nguvu ya mfumo huo. Daily Herald, lililoanza 1911 kama karatasi ya wachapaji waliogoma, lilifikisha nakala milioni 2 kwa siku mwaka 1933, la kwanza kufika huko. News of the World, la Jumapili, lililoanza 1843 kwa kesi za mauaji na fumanizi, liliuza zaidi ya milioni 8 karibu na 1950. Mirror lilipita milioni 5 kwa siku mwaka 1964. Nyuma ya kila moja ya tarakimu hizo kulikuwa na ukurasa wa mwisho wa michezo, na wanaume wengi walilianza gazeti kwa kuligeuza.

Kama unataka kujua mwandishi wa michezo alikuwa karibu kiasi gani na timu, soma orodha ya waliokufa Munich tarehe 6 Februari 1958, ndege ya Manchester United ilipoanguka. Pamoja na wachezaji walikufa wanahabari wanane: Alf Clarke wa Manchester Evening Chronicle, Donny Davies wa Manchester Guardian, George Follows wa Daily Herald, Tom Jackson wa Manchester Evening News, Archie Ledbrooke wa Daily Mirror, Henry Rose wa Daily Express, Eric Thompson wa Daily Mail, na Frank Swift wa News of the World, kipa wa zamani wa Manchester City na timu ya taifa. Walipanda ndege moja na timu, wakala hoteli moja, walijuana na wachezaji kwa majina ya utani. Mambo mengi ya faragha waliyaona na hawakuyaandika.

Uhusiano huo ulivunjwa taratibu, na jina kubwa katika kuvunjika kwake ni Rupert Murdoch. Mwaka 1969 alilipata News of the World, kisha akalinunua The Sun, lililokuwa mrithi dhaifu wa Daily Herald, kwa bei isiyofika pauni milioni moja. Hesabu yake ilikuwa ya mtambo: mashine za gazeti la Jumapili zilikuwa zinalala siku sita kwa wiki. Toleo la kwanza la The Sun yake lilitoka 17 Novemba 1969, dogo, lenye makelele, lenye ngono, televisheni na michezo kwa wingi. Mwaka 1978 lilikuwa limempita Mirror. Hapo ukaanza ushindani wa ukatili. Kocha wa England alipofanya vibaya hakuripotiwa tena, aliwindwa. England ilipotoka sare na Saudi Arabia 1988, Mirror lilimwambia Bobby Robson kwa herufi kubwa aondoke kwa jina la Allah. Iliposhindwa na Sweden 1992, The Sun lilimbandika Graham Taylor kichwani picha ya tanipu, mboga ya mizizi, na mtu yule mwungwana alibeba jina hilo maisha yake yote. Siku England ilipokaribia kucheza na Ujerumani katika nusu fainali ya Euro 96, Mirror lilichapa ukurasa wa kivita, wachezaji wamevishwa kofia za chuma. Naandika haya bila kucheka. Yalikuwa matusi kwa watu wanaofanya kazi yao, na yalifanywa kwa sababu sehemu kubwa ya magazeti haya huuzwa mezani, kila asubuhi upya, kwa anayepita.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita haraka. Tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest, uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye jukwaa lenye uzio. Idadi ya waliokufa leo ni 97. Siku nne baadaye, Jumatano tarehe 19, The Sun chini ya mhariri Kelvin MacKenzie lilitoka na kichwa cha habari kisemacho "Ukweli". Chini yake kulikuwa na madai matatu: kwamba mashabiki waliwaibia majeruhi na maiti, wakawakojolea polisi, na wakampiga askari aliyekuwa anaokoa mtu. Madai hayo yalitoka kwa polisi na mbunge mmoja, yakapitia shirika la habari la Sheffield. Yalikuwa uongo. Magazeti mengine nayo yaliyachapa, lakini kwa kuyaweka kama tuhuma. The Sun liliyapa jina la ukweli. Jiji zima la Liverpool likaligomea, na mgomo huo unaendelea, mpaka leo wako wauza magazeti huko wasiotaka kuliweka mezani. Ilichukua miaka 23 mpaka jopo huru lilipotoa ripoti yake Septemba 2012, ndipo gazeti likaomba radhi ukurasa wa mbele. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba waliokufa waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Mwaka 2017 klabu ya Liverpool ikawafungia waandishi wa The Sun kuingia Anfield. Kwa hiyo shabiki wa Liverpool wa Tanga au Mombasa akishangaa kwa nini mwenzake wa kule hataki hata kulishika gazeti hilo, sababu ndiyo hii. News of the World nalo lilifungwa Julai 2011, baada ya kujulikana kwamba waandishi wake walidukua simu za watu, ikiwemo ya binti aliyeuawa, Milly Dowler.

Nimalizie habari ya magazeti ya farasi kwa ufupi. Mwaka 1986 Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum wa Dubai, mfugaji mkubwa wa farasi wa mbio, alianzisha Racing Post kushindana na Sporting Life. Miaka kumi na miwili soko likaonekana halitoshi mbili, na 1998 Mirror Group, wenye Sporting Life, wakachukua haki ya kuchapisha Racing Post kwa pauni moja, kisha wakalifunga lile lao la tangu 1859. Mwaka 2006 likajaribiwa jingine la kila siku, likarudishiwa jina la kale The Sportsman, likilenga watu wa kubeti. Halikumaliza mwaka. Leo yako magazeti ya wiki, kama The Rugby Paper na The Non-League Paper, yenye wasomaji wao waaminifu. Gazeti la kila siku la soka hakuna, na kwa jinsi karatasi inavyokwenda sioni likianzishwa.

Sasa tetesi zako. Mwaka 1992 Premier League ilianza, na haki za televisheni zilichukuliwa na Sky, kampuni ambayo Murdoch alikuwa na hisa ndani yake. Fedha zikaingia, klabu zikajenga uzio kuzunguka viwanja vya mazoezi, na mwandishi aliyekuwa akimngoja mchezaji pale maegesho akaambiwa asubiri mkutano na wanahabari. Mkutano wenyewe, kwa kawaida Ijumaa, hugawanywa: maneno haya ni ya magazeti ya Jumamosi, haya yasitoke mpaka ya Jumapili. Waandishi hukubaliana kipi kiwe kichwa cha habari. Ndiyo sababu asubuhi moja unakuta magazeti manne yana habari moja, maneno karibu yale yale. Mwenye kisima kingine cha habari akabaki wakala wa mchezaji, hasa baada ya hukumu ya Bosman ya Desemba 1995 kumwachia mchezaji aliyemaliza mkataba aondoke bure. Wakala ana sababu ya kusema kwamba klabu tatu zinamtaka mteja wake, na mwandishi ana ukurasa wa kujaza mwezi Juni ambapo hakuna mechi. Wote wawili wanapata. Ile tabia ya Dowling, mwandishi kuwa ndani ya biashara anayoiripoti, imerudi kwa sura nyingine.

Kwa hiyo tuyaamini? Usiyaamini kwa jina la gazeti; angalia jina la mwandishi na kitenzi alichotumia. "Wanamfuatilia", "yuko kwenye rada", "wanafikiria" ni maneno yasiyomfunga aliyeyaandika. "Wamekubaliana ada", "anafanyiwa vipimo kesho" ni maneno yanayoweza kumuumbua mwandishi ndani ya siku mbili, na mwenye jina lake hayatumii ovyo. Hata The Sun na Mirror wana waandishi wa soka ambao habari zao hutimia. Uliza mkataba wa mchezaji unaisha lini, maana tetesi nyingi huota pale mazungumzo ya mshahara yanapoanza. Ukiona gazeti linanukuu gazeti, na hilo nalo linanukuu tovuti ya Hispania, jua habari ni moja tu imezungushwa. Redio zetu zikisoma "kwa mujibu wa The Sun" mara nyingi zimeokota hiyo ya mzunguko wa tatu, na ningependa watangazaji wetu wawe wanataja imetoka wapi mwanzo. Na ukitaka kujua kinachoendelea kwenye klabu fulani, kwa Liverpool anza na Liverpool Echo, kwa timu mbili za Manchester anza na Manchester Evening News. Ni magazeti ya miji, warithi wa yale ya jioni niliyoyaeleza. Waandishi wao wako na klabu hiyo msimu mzima, na tetesi isiyo na kichwa wala miguu huwa wanaigundua kabla London hawajaamka.